Mchezo wa Fedha na Jirani Asiyehesabiwa



Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa hapa kwetu Karatu alitoa simu yake akawaonyesha wazee waliokuwa wakingoja mvua ikatike. Alikuwa ametoka Arusha, ambako aliwaona vijana wenzake wa kampuni changa wakiueleza mchezo wao mbele ya watu wa mabenki na wa makampuni ya simu. Mchezo wenyewe ni wa kufundisha matumizi ya fedha. Mchezaji hupewa mshahara wa kubuni, kisha huletewa mambo ya maisha moja baada ya jingine: kodi ya nyumba, sare za watoto, sherehe ya rafiki, bei ya mbolea, ugonjwa. Kila mara hana budi kuchagua. Akichagua vema hupewa nyota, akichagua vibaya nyota hupungua.

Mama mmoja, mkulima wa maharage na mbaazi, aliombwa ajaribu. Alifanya vizuri kuliko vijana. Alikataa kununua simu mpya kwa mkopo, aliweka akiba kabla ya kununua kitenge, alinunua mbolea mapema kabla bei haijapanda. Kisha mchezo ukamletea jirani aliyebisha hodi usiku, akiomba fedha za kumpeleka mtoto hospitali. Mama hakusita. Akabonyeza palipoandikwa "mpe". Nyota mbili zikazimika, na maneno yakatokea kumwambia kwamba ametumia fedha nje ya mpango wake.

Mama akamtazama kijana akauliza, "Mwanangu, huyu mtoto wa jirani alipona?"

Kijana akajibu kwa aibu kidogo, "Mama, mchezo hausemi."

"Basi," akasema mama, akimrudishia simu yake, "huo mchezo haujaisha."

Wazee walicheka, na mvua ilipokatika kila mtu akaenda zake. Lakini swali la mama huyo halifai kuachwa hapo, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sote tunaopokea fedha na kuzitoa: Je, mtu anayejua kutunza fedha ni mtu mwema? Na kama wema na utunzaji ni mambo mawili, tufanye nini siku yanapogombana mlangoni petu?

Kwanza tuwatendee haki vijana hao. Elimu ya fedha ni jambo la lazima. Katika nchi yetu kuna Wiki ya Huduma za Fedha, na mwezi wa Novemba 2023 iliadhimishwa Arusha, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ili wananchi wafundishwe kuweka akiba, kukopa kwa akili, na kujihadhari na matapeli. Sisi wa Karatu twajua haja yake. Wengi wetu hatupati mshahara wa mwezi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hupata fedha nyingi kwa siku chache za kuuza, tena baada ya kupunjwa kwa gunia la lumbesa, halafu hukaa miezi mingi akitazama shamba. Dereva, mpishi na mpagazi wa safari hupata msimu wa wageni unapokuwa mzuri, lakini masika ya Aprili na Mei humkuta amekaa barazani. Ndugu zetu wa Ngorongoro nao, ambao ndani ya hifadhi hawaruhusiwi kulima, hawana budi kuuza mifugo ili wanunue mahindi, na ukame ukija ng'ombe hushuka bei wakati uleule mahindi yanapopanda. Mtu wa namna hii asipojua kupanga, atakula mbegu zake. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli.

Tena kujifunza kwa mchezo si jambo la kigeni kwetu. Nani hakujifunza kuhesabu kwa kete za bao? Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba na watu wa zamani. Bao humfundisha mtoto kutazama mbele, kungoja, na kujua kwamba kete aliyoila sasa yaweza kumgharimu baadaye. Faida kubwa ya mchezo ni kwamba kosa lake haliumizi. Ni heri kijana afilisike mara kumi katika simu kuliko mara moja katika nyumba yake. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba michezo hii ni upuuzi.

Lakini faida hiyohiyo ndiyo upungufu wake. Kwa kuwa hasara ya mchezo haimwumizi mtu, mchezo hauwezi kutuonyesha mtu aliyeumia. Jirani wa ndani ya simu hana jina, hana mama, wala hatutakutana naye kisimani kesho. Mchezo wowote huhesabu kile tu ambacho mtengenezaji wake amekiweka katika hesabu. Kama hakumweka jirani, jirani huwa hasara.

Wako wataalamu waliocheza michezo ya fedha na watu wa kwetu, si kwa kufundisha bali kwa kujifunza, na waliyoyaona yanatusaidia. Miaka ya mwisho ya 1990 Frank Marlowe, mwanachuoni wa Marekani, aliendesha mchezo wa namna hiyo kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wamo humu wilayani mwetu. Ilikuwa sehemu ya kazi kubwa iliyofanyika katika jamii ndogo 15 za dunia, na matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 2001. Mtu mmoja alipewa fedha, akaambiwa amgawie mwenzake asiyetajwa jina kiasi apendacho. Mwenzake akikubali, kila mmoja huchukua fungu lake. Akikataa, wote wawili hukosa. Sisi sote twajua kwamba Mhadzabe akipata mnyama mkubwa nyama huliwa na kambi nzima. Ungetazamia basi watu hao wagawe nusu kwa nusu. Sivyo ilivyokuwa. Walitoa kidogo kuliko watu wa miji ya Ulaya na Marekani, na mara nyingi waliopewa kidogo walikataa. Waliotoka katika kambi kubwa walitoa zaidi ya wale wa kambi ndogo.

Je, tuseme Wahadzabe ni wachoyo? Hapana. Kambini nyama hugawanywa mbele ya macho ya watu wenye njaa, na kila mmoja aweza kudai fungu lake. Katika mchezo macho hayo hayakuwapo. Hapa tusiwatazame Wahadzabe peke yao, bali tujitazame na sisi. Ni mara ngapi tumetoa mchango mkubwa wa arusi kwa sababu jina husomwa kwa sauti, na siku ya pili tukampita mgonjwa kwa sababu hakuna aliyetuona? Mchezo ule ulionyesha kwamba ukarimu mwingi wa wanadamu husimama kwa nguzo ya kuonekana. Ukiiondoa nguzo, wengi wetu hupungua. Ndiyo maana fedha ya simu, inayotoka kimya kimya bila mtu kuona, ni mtihani mkubwa wa moyo kuliko fedha ya mkononi.

Mchezo wa pili ulichezwa na Wamaasai wa Kenya, na habari zake zilichapishwa mwaka 2007 na Lee Cronk, naye wa Marekani. Mtu wa kwanza alipewa fedha, akaweza kumpelekea wa pili kiasi atakacho. Kiasi hicho kiliongezwa mara tatu, na wa pili akarudisha apendavyo. Nusu ya wachezaji hawakuambiwa neno zaidi. Nusu nyingine waliambiwa tu kwamba huu ni mchezo wa osotua. Neno hilo kwa Kimaasai asili yake ni kitovu, ule mkamba unaomfunga mtoto na mama yake, nalo hutumika kwa urafiki wa watu wawili ambao kila mmoja aweza kumwomba mwenziwe wakati wa shida. Kwa kusikia neno hilo moja, watu walicheza kwa namna nyingine. Walipeleka kidogo, wakatazamia kurudishiwa kidogo, wala kilichorudishwa hakikufuata kiasi kilichopelekwa.

Aliye mbali angesema kwamba urafiki umepunguza imani. Lakini anayeijua desturi hiyo ataelewa. Katika osotua mtu huomba kwa sababu ya haja ya kweli, na huomba kadiri ya haja yake tu. Anayetoa hatoi ili apate faida, na hafungui daftari la kudai. Ni mzigo wa heshima, si biashara. Wachezaji wale walipoambiwa kwamba huu ni undugu, waliacha kufanya hesabu ya faida. Twajifunza kwamba kuna hesabu mbili katika maisha: hesabu ya deni na hesabu ya haja. Zote mbili ni za akili. Anayejua moja tu hajaelimika bado, hata kama ana nyota mia.

Sasa yatupasa kuuliza ni nani anayeandika kanuni za mchezo, na kwa ajili ya nani. Watu wengi wameusikia mchezo wa Monopoly, wa kununua viwanja na kutoza kodi mpaka wenzako wote wafilisike. Asili yake ni mchezo uliobuniwa na mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, aliyepewa hati yake ya ubunifu mwaka 1904. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha watu ubaya wa wachache kuhodhi ardhi. Aliuwekea hata kanuni za namna nyingine, ambazo kwazo utajiri ukiongezeka kila mchezaji hufaidi. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500, na mchezo ulioenea duniani ni ule wa kumfilisi mwenzako. Somo lilibaki sandukuni, kilichouzwa ni tamaa. Bibi Magie alitaka watu wauchukie uhodhi. Watoto wa dunia nzima wameufurahia mezani.

Basi kampuni changa inapousimamisha mchezo wake mbele ya mkutano wa wenye mabenki, tusiulize tu kama unapendeza. Tuulize: Ni nani atakayelipia? Kama atakayelipia ni mkopeshaji, je, mchezo utamfundisha mchezaji lini asikope? Huenda ukamfundisha kwa uaminifu, maana wako wakopeshaji waaminifu. Lakini swali ni halali, na wasioalikwa katika mkutano, yaani mama wa Endabash na mchungaji wa Nainokanoka, ndio wenye haki ya kuliuliza.

Twajua vema uchungu wake. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Watu walikwisha kuipa mikopo ya namna hiyo jina lake: kausha damu. Kijana mmoja ninayemjua, mpagazi wa safari, aliumwa na mama yake wakati wageni ni haba. Akakopa katika simu usiku ule ule, kwa kubonyeza mara tatu. Haikupita muda mrefu deni likazidi alichochukua, na ujumbe wa kumtukana ukatumwa kwa watu wote walioandikwa katika simu yake, hata kwa mwalimu wake wa zamani na wanakwaya wenzake. Kijana huyo hakuwa mjinga wa hesabu. Alijua riba ni nini. Alichokosa usiku ule si somo, ni jirani. Aliona haya kuja kwetu, na sisi hatukuwa tumemzoeza kuja. Kama kuna nyota za kupunguzwa kwa mkopo ule, zisipunguzwe zake peke yake.

Hapa mtu mwenye busara atanipinga, na ana haki. Atasema, "Mnawafundisha watu kutoa mpaka watoto wao walale njaa." Ni kweli kwamba ukarimu usio na mpaka umevunja nyumba nyingi. Wote tunamjua mpishi wa safari ambaye msimu ukiisha hurudi na fedha, na kabla ya Pasaka ndugu wamezimaliza kwa vilabu, arusi na biashara za maneno. Watoto wake huenda shule bila viatu, naye huitwa mtu mwema. Huo si wema. Ni woga wa kusema hapana, uliovikwa nguo ya upendo. Mtu huyo mchezo ungemfaa sana.

Lakini tuangalie vema. Kosa lake si kutoa. Kosa lake ni kutochagua. Mchezo ule wa simu nao una kosa hilohilo kwa upande wa pili, maana hauchagui: humwona kila aombaye kuwa hasara. Mtu mwenye hekima hutofautisha. Kuna shida inayomwangukia mtu kama mti, ambayo hakuna awezaye kuinyanyua peke yake: ugonjwa, msiba, moto, ukame. Hiyo ni ya wote. Kuna mzigo wa kila siku ambao kila mtu mzima apaswa kuubeba mwenyewe: chakula chake, kodi yake, nguo zake. Tena kuna starehe, ambayo hakuna awezaye kuidai kwa mwenzake. Anayelipia starehe ya ndugu kwa uji wa watoto wake amekosa. Anayeunyima ugonjwa wa jirani kwa ajili ya nyota zake naye amekosa, na kosa lake ni kubwa zaidi, maana viatu vyaweza kungoja na mtoto mwenye homa hawezi.

Je, akiba na huruma zaweza kukaa pamoja katika sanduku moja? Zaweza, nasi tumeona kwa macho. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, tunavyoviita vikoba, vina asili yake nchini Niger, ambako shirika la CARE lilianza kazi hiyo na wanawake wa vijijini mwaka 1991. Wengi wenu mnazijua taratibu zake. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Kila mkutano wanachama hununua hisa, hukopeshana, hulipa kwa riba ndogo ambayo hurudi kwao wenyewe. Lakini pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii. Kila mmoja hutia kiasi kidogo kilicho sawa, na mfuko huo ni kwa ajili ya mgonjwa, mfiwa, na aliyepatwa na janga. Hakuna anayeita fedha hiyo hasara. Imehesabiwa tangu mwanzo. Waliotunga taratibu hizo walijua kwamba jirani atabisha hodi. Hawakumngoja aje usiku awavurugie mpango, bali walimweka ndani ya mpango.

Nadhani hilo ndilo jibu la swali letu. Kutunza fedha si wema wenyewe, wala kutoa tu si wema wenyewe. Wema ni kumhesabu jirani mapema. Mwenye akiba asiye na fungu la jirani ni mchoyo mwenye nidhamu. Mwenye huruma asiye na akiba ana machozi tu, maana siku ya shida hana cha kutoa. Mama yule aliweza kubonyeza "mpe" kwa sababu alikwisha kuweka akiba. Utunzaji wake ndio uliompa mkono wa kutoa.

Vijana wanaotengeneza michezo hii wakisoma ukurasa huu, ombi letu kwao ni dogo. Wasiufute mchezo wao. Watuwekee fungu la jirani tangu mshahara wa kwanza, na mfuko wa jamii kama wa kikoba. Watuonyeshe baadaye kama mtoto alipona. Na mahali fulani waache jambo jema lisilolipwa nyota yoyote, mchezaji ajue kwamba hata katika maisha ndivyo ilivyo.

Nasi tuliobaki nyumbani tusingoje simu. Tuanze daftari. Kila mavuno na kila msimu wa wageni, kabla ya kununua cho chote, tutenge fungu la mbegu, fungu la watoto na fungu la jirani. Tena viongozi wa mitaa wawaambie vijana waziwazi kwamba mwenye shida aje kwetu kabla hajakwenda kwa kausha damu, na akija tusimsimange.

Nimalizie na habari ya mama yule. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia za wageni, watalii waliokuja Tanzania walipungua kutoka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliotangulia hadi kama laki sita na elfu ishirini. Hapa Karatu mahoteli yalifungwa na watu wakarudishwa nyumbani. Jirani yake, aliyekuwa akifua nguo katika hoteli moja, alikosa kazi, na mtoto wake akaugua. Mama alitoa fedha ya mbegu zake. Mwaka ule alilima nusu ya shamba. Jirani akahama baadaye, na fedha ile haikurudi mpaka leo.

Nilimwuliza kama anajuta. Akafikiri, kisha akasema, "Shamba lile nimelilima mara nyingi tangu siku ile."

Mtoto je? Alipona. Mwaka huu yuko darasa la sita.